Uhuru wa Wagiriki: maana yake, na namna Roma ilivyowamaliza nao wafalme wa Makedonia

"Uhuru wa Wagiriki" ni msemo utakaokutana nao kila ukisoma habari za Roma kuingia upande wa mashariki, na wengi tunaupita haraka tu kama vile maana yake iko wazi, kumbe wala. Haukuwa uhuru wa nchi, maana Ugiriki ya wakati ule haikuwa nchi moja, ilikuwa miji na majumuiya ya miji, kila mmoja na baraza lake na ugomvi wake na jirani. Ulikuwa ni ahadi ambayo mwenye nguvu anawapa wasio na nguvu, na ilikuwa na vitu vitatu hivi: hamtawekewa kikosi cha kigeni ngomeni kwenu, hamtalipa kodi kwa mtu wa nje, na mtajiendesha kwa sheria za wazee wenu. Basi. Hakuna mahali paliposema nani ataamua mkigombana, wala aliyetoa ahadi akibadili mawazo mtamshtaki wapi.

Na Warumi hawakuubuni wao. Hii ndo sehemu wengi hawaijui. Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia (ufalme wa kaskazini mwa Ugiriki), alipofariki mwaka 323 KK majenerali wake walianza kugombania mali, na mmoja wao, Antigonus, yule waliyemwita Jicho Moja, mwaka 315 KK akiwa bado anauzingira mji wa Tiro aliwakusanya askari wake wakapitisha tamko kwamba miji yote ya Wagiriki iwe huru, isiwekewe vikosi, ijitawale. Sio kwamba alikuwa na huruma sana, alitaka kumharibia Cassander aliyekuwa ameishika Makedonia na ana vikosi kwenye miji kibao. Ptolemy, jenerali mwenzake aliyeishika Misri, kusikia hivyo, na yeye akatoa tamko lake hilo hilo, asije akaonekana hawapendi Wagiriki. Sasa ukoo wa huyo Antigonus ndo uliokuja kukalia kiti cha Makedonia, na ndo walikotoka Philip V na mwanae Perseus, wafalme wawili wa mwisho. Yaani maneno waliyokuja kupigiwa nayo yalitoka nyumbani kwao.

Wakishakaa kitini wale wa ukoo wa Antigonus wakafanya kile kile alichokifanya Cassander. Waliishika Ugiriki kwa ngome tatu, Demetrias kule Thesalia, Chalcis kwenye kisiwa cha Euboea, na ngome ya juu ya mlima pale Korintho. Inasemekana Philip V mwenyewe alikuwa akiziita pingu za Ugiriki, na hapo kwa kweli aliwarahisishia kazi maadui zake.

Roma na Philip waligongana kwa sababu ya Hannibal, jenerali wa Karthago aliyekuwa anapigana na Roma. Mwaka 216 KK Hannibal aliwachinja Warumi pale Cannae, kusini mwa Italia, Philip akaona hawa wameisha, mwaka uliofuata akafunga naye mkataba, Warumi wakawakamata wajumbe wake na karatasi zote wakazisoma. Vita ya kwanza ikapigwa kivivu vivivu mpaka 205 KK. Ila Roma haikusahau, na mwaka 200 KK, Hannibal kashashindwa, seneti ikataka vita tena na Makedonia. Wananchi wa Roma walipopigishwa kura mara ya kwanza walikataa, walikuwa wamechoka kuzika watu, ikabidi waitwe tena na kushawishiwa kwamba tusipomfuata Philip kwake atatufuata hapa.

Sasa unaingiaje nchi ya watu ukiwa na jeshi na bado wenyeji wakushangilie? Hapa ndo akaja Titus Quinctius Flamininus, mkuu wa jeshi la Roma, kijana wa miaka kama 30, anaongea Kigiriki safi, na anajua Wagiriki wanataka kusikia nini. Mwaka 198 KK alikutana na Philip kwenye mto Aous, Philip akauliza masharti, jamaa akamwambia aiachie miji yote, aanze na Thesalia. Thesalia ilikuwa chini ya Makedonia tangu enzi za baba yake Alexander, karibu miaka 150. Philip akamjibu kwa hasira kwamba hata ungekuwa umeshanishinda ungenipa sharti gani gumu kuliko hilo, akaondoka. Kuanzia pale vita ya Roma ikawa imepata jina zuri, tunapigania Wagiriki, na miji ikaanza kuhama mmoja mmoja, mpaka jumuiya ya Akaya iliyokuwa rafiki wa Makedonia miaka mingi ikahamia upande wa Roma.

Majeshi yalikutana Thesalia mwaka 197 KK kwenye vilima vya Cynoscephalae, maana yake Vichwa vya Mbwa, asubuhi ya ukungu mtu haoni mbele, na hakuna upande uliopanga kupigana pale siku ile, ni doria tu zilikutana kilimani zikaanza kuumizana na kila upande ukawa unaongeza watu. Nguvu ya Makedonia ilikuwa falanksi, safu 16 za watu waliobanana, kila mmoja kashika mkuki wa mita 5 hadi 6, na kwenye tambarare ukisimama mbele yao huna pa kupita. Kilimani safu zinapasuka. Upande wa kulia alipokuwa Philip mwenyewe ulishuka ukawasukuma Warumi vizuri tu, lakini wa kushoto ulikuwa ndo kwanza unafika juu, haujajipanga, tembo wa Warumi wakauvuruga. Hapo afisa mmoja wa Kirumi, ambaye jina lake halijaandikwa, akachukua vikosi vidogo 20 bila kuagizwa na mtu akageuka kuwapiga wale wa kulia kutokea mgongoni. Mtu mwenye mkuki wa mita 6 aliyebanwa na wenzake pande zote hawezi kugeuka. Wakaanza kuinua mikuki juu wima, kwao ndo ishara ya kusalimu amri, Warumi hawaijui hiyo ishara wakaendelea kuua, na Flamininus alipokuja kuelezwa maana yake wengi walishakwisha. Mwanahistoria wa Kigiriki Polybius anaandika Wamakedonia 8,000 waliuawa na 5,000 wakatekwa, Warumi wakapoteza kama 700.

Waetolia, jumuiya nyingine ya Wagiriki waliokuwa upande wa Roma, walitaka Philip ang'olewe kabisa. Flamininus akakataa, akasema Makedonia ikifutika nani atawazuia Watraki na Wagalatia wa kaskazini wasishuke Ugiriki. Kwa hiyo mfalme akaachwa, ila bila meno: atoe talanta 1,000 (talanta ni kipimo kikubwa cha fedha), nusu papo hapo na nusu kwa miaka 10, akabidhi karibu meli zake zote za vita, atoe mwanae Demetrius awe rehani Roma, na aondoe vikosi vyake kwenye miji ya Wagiriki. Ukitazama vizuri, uhuru wa Wagiriki kimahesabu ulikuwa ni hicho kipengele cha mwisho tu. Ni mfalme kunyang'anywa kitu, sio wao kupewa.

Lakini kilivyotangazwa sasa! Mwaka 196 KK kwenye michezo ya Isthmia pale Korintho, watu wamejaa uwanjani, tarumbeta ikapigwa, mpiga mbiu akasimama kati akasoma kwamba seneti ya Roma na Titus Quinctius wanawaacha huru Wakorintho, Wafokia, Walokri, Waeubea, Wathesalia na wengine aliowataja, bila vikosi, bila kodi, kwa sheria zao. Nusu ya watu hawakusikia vizuri na nusu hawakuamini, wakamwita arudie. Aliporudia zilipigwa kelele ambazo mwandishi wa Kigiriki Plutarch anasema kunguru waliokuwa wanapita juu walidondoka. Ya kunguru mimi naiacha kwa Plutarch, ila furaha ilikuwa ya kweli. Zawadi mojawapo ambayo Flamininus alipewa na Wagiriki ilikuwa Warumi 1,200 waliokuwa watumwa huko Ugiriki, mateka wa vita vya Hannibal, waliokombolewa kwa hela za wenyeji akarudi nao nyumbani.

Waetolia peke yao ndo hawakucheza ngoma hiyo. Walisema wazi Wagiriki wamefunguliwa pingu za miguuni wakafungwa shingoni, maana mwanzoni zile ngome tatu ziliendelea kushikwa na askari wa Kirumi. Na mtu asiseme walikuwa na wivu tu (wivu nao ulikuwepo), pointi yao ilikuwa sahihi. Ila kuwa wakweli, mwaka 194 KK Roma iliondoa askari wote Ugiriki, mpaka wa mwisho, jambo ambalo mfalme yeyote wa enzi zile asingelifanya.

Kilichobaki badala ya askari kilikuwa ni mazoea ya kukimbilia Roma. Mji ukigombana na mji, wajumbe wanapanda meli kwenda kulalamika seneti. Na kesi nyingi zilikuwa za Philip. Aliisaidia Roma vizuri tu ilipopigana na Antiochus, mfalme wa Syria, akarudishiwa mtoto na kusamehewa deni lililobaki, lakini vita vilipoisha tume za maseneta zikaanza kuja kwake, achia mji huu, toka pale pwani ya Trakia, jibu tuhuma hii. Mfalme mzima anakaa kama mshtakiwa mbele ya wageni kwenye nchi yake. Mwanahistoria wa Kirumi Livy anasema kuna siku alikasirika akatamka kwamba jua la siku zake zote bado halijazama, na Warumi wakaiandika hiyo kama kitisho. Mwaka 180 KK aliamuru mwanae Demetrius auawe kwa sababu alionekana mtu wa Warumi, mwaka uliofuata na yeye akafa.

Perseus alirithi nchi yenye hela, yenye askari, na kibaya zaidi, yenye kupendwa. Miji mingi ilikuwa na watu wenye madeni wanaowachukia matajiri wao waliotegemea sapoti ya Roma, na watu hao wakaanza kumtazama yeye. Mwaka 172 KK Eumenes, mfalme wa Pergamo, akaenda mwenyewe Roma kumshtaki. Angalia maneno yalivyogeuka: mfalme ambaye Wagiriki wenyewe wanaanza kumpenda anaitwa hatari kwa uhuru wa Wagiriki. Ndo maana nasema msemo ule haukuwahusu Wagiriki wanataka nini, uliihusu Roma isiwe na mpinzani pale.

Pydna, Juni 168 KK, sitaisimulia sana kwa sababu ni Cynoscephalae tena kwa ukubwa zaidi, falanksi ikafika kwenye ardhi mbovu, ikatoboka, Warumi wakaingia kwenye mapengo na mapanga mafupi, saa moja hivi shughuli imekwisha, na Livy anataja maiti za Wamakedonia kama 20,000. Aliyeshinda, Lucius Aemilius Paullus, alikuja kukiri kwa wenzake kwamba hajawahi kuona kitu cha kutisha kama ile falanksi inakuja. Perseus alikimbilia kisiwa cha Samothrace akakamatwa, mwaka 167 KK akatembezwa Roma na watoto wake mbele ya watu, akafia kifungoni Alba Fucens. Mwanae mmoja, anaitwa Alexander, aliishia kuwa fundi wa vitu vidogo vya chuma na karani, akijua Kilatini.

Halafu Roma ikafanya jambo la ajabu, ikawapa uhuru Wamakedonia wenyewe. Hakuna aliyewaomba. Mwaka 167 KK pale Amfipoli Paullus alikaa kwenye kiti na wajumbe 10 kutoka Roma, wenyeji wamemzunguka, akasoma kwa Kilatini na ofisa wake akawa anatafsiri kwa Kigiriki: mtakuwa huru, mtachagua viongozi wenu kila mwaka, kodi mtalipa nusu ya mliyokuwa mnampa mfalme. Watu wakashangaa kwa wema, ile nusu hasa. Kisha ukaja mgawanyo. Nchi inakatwa vipande vinne, miji mikuu ni Amfipoli, Thesalonike, Pella na Pelagonia. Mtu wa kipande kimoja haruhusiwi kuoa kipande kingine wala kumiliki shamba au nyumba huko. Migodi ya dhahabu na fedha ifungwe. Msikate mbao za meli. Msitumie chumvi ya kutoka nje. Na wakubwa wote waliomtumikia mfalme, na watoto wao waliozidi miaka 15, waende Italia. Livy anasema watu walihisi nchi imechanwa kama mnyama aliyekatwa viungo ambavyo kila kimoja kinamhitaji mwenzake. Roma nako, hazina ilivyojaa mali ya Perseus, raia waliacha kutozwa kodi ya vita na hawakuirudia kwa zaidi ya miaka 100.

Uhuru huo ulidumu miaka kama 18. Mwaka 149 KK alitokea mtu anaitwa Andriscus, akasema yeye ni Philip mtoto wa Perseus, maadui zake wanasema alikuwa fundi wa kusafisha nguo tu, na Wamakedonia walimfuata wakampa nchi yote, vipande vyote vinne. Kama ule uhuru ulikuwa mtamu, mbona waliuacha kwa mtu ambaye hata baba yake hajulikani? Aliwapiga Warumi jeshi zima kabla hajashindwa na jenerali wa Kirumi Metellus mwaka 148 KK, na safari hii hakuna aliyetaja uhuru, akaletwa gavana, Makedonia ikawa jimbo, ikachongwa barabara ya Via Egnatia kukata nchi yote, hiyo hiyo ambayo kwenye Matendo ya Mitume Paulo anaonekana akipita Amfipoli kwenda Thesalonike. Mwaka 146 KK Waakaya nao walijaribu kupigana na Roma, na jenerali wa Kirumi Mummius akaichoma Korintho, wanaume wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa.

Korintho ilikuja kujengwa upya na Warumi wenyewe miaka 100 baadaye, na mwaka 67 BK Kaisari Nero alifika pale Isthmia akatangaza Wagiriki kuwa huru na kusamehewa kodi, tamko lake mpaka leo lipo limechongwa kwenye jiwe. Kaisari Vespasian alipoingia madarakani akalifuta, akasema Wagiriki wamesahau kuwa huru.