Sifuri ya Jack Morris ilitengenezwa na watu wawili ambao hawakuwa na mpira

Wengi wakiongelea shatauti wanaongelea mrushaji tu, yule anayemrushia mpigaji mpira, na ni kweli kwenye besiboli jina linaloandikwa ni la kwake, lakini mimi kila wikiendi naandika skoo za mechi za vijana na kadiri ninavyoandika ndo naona sifuri moja ina mikono mingi. Shatauti ni klinshiti ya wenzetu wa besiboli, yaani mpinzani kamaliza mechi bila pointi hata moja. Na kama kipa, mrushaji naye ana mabeki.

Chukua mechi ya 7, ya mwisho, ya World Series, fainali ya besiboli Marekani, tarehe 27 Oktoba 1991, Minnesota Twins na Atlanta Braves pale Metrodome, Minneapolis. Timu zote mbili mwaka 1990 zilishika mkia kwenye divisheni zao, leo zinagombea ubingwa na zimeshinda tatu tatu. Twins walishinda 1-0 iningi ya 10 (iningi ni zamu ya kila timu kupiga; kawaida ni tisa, wakifungana zinaongezwa), na Jack Morris, miaka 36, mzaliwa wa St. Paul hapo jirani, alirusha iningi zote kumi, mipira 126. Baada ya ya tisa kocha Tom Kelly alitaka kumpumzisha, Morris akakataa katakata. Mrushaji wa Braves, John Smoltz, alikuwa na miaka 24 na alikulia Michigan akimshabikia huyuhuyu Morris wa Detroit Tigers, na mpaka anatolewa iningi ya 8 hakuruhusu pointi.

Sasa iningi hiyo ya 8, Braves wanapiga, bado 0-0. Lonnie Smith yuko besi ya kwanza (mkimbiaji anapita besi tatu, akifika ya nyumbani ni pointi), anachomoka mapema kabla Terry Pendleton hajapiga, na hakugeuka kuangalia mpira unaenda wapi. Pendleton akaupiga mbali mpaka ukutani, kushoto katikati, mpira ambao mkimbiaji aliyeshachomoka anafika nyumbani bila presha. Hapo ndo Chuck Knoblauch na Greg Gagne, walinzi wa Twins, wakafanya danganya toto: Knoblauch akainama kama anaokota mpira wa chini, akajifanya anamrushia Gagne besi ya pili, mikono mitupu, mpira wenyewe uko huko ukutani! Smith akasita pale besi ya pili, akapoteza sekunde kadhaa, akaishia ya tatu. Baadaye mwenyewe alisema hakudanganyika, alikuwa anahakikisha mpira haujadakwa, sawa, lakini ukitazama anavyopunguza mwendo na kichwa kinavyogeuka huku na huku, mimi naamini wale wawili walimchanganya.

Hata hivyo hatari haijaisha jamani, watu wako ya pili na ya tatu na hakuna auti hata moja (auti ni mchezaji kutolewa, zikifika tatu zamu imeisha), hapo kwa kawaida pointi inaingia. Ron Gant akagonga mpira dhaifu, Kent Hrbek wa besi ya kwanza akauokota, auti moja, wakimbiaji wakabaki palepale. David Justice wakampa besi ya bure makusudi ili besi zote zijae. Sid Bream akapiga tena chini kwa Hrbek, Hrbek akatuma nyumbani kwa mdakaji Brian Harper, Harper akamrudishia, wawili wakatoka kwa mpira mmoja, zamu ikaisha bila pointi. Kule iningi ya 10 ndo Gene Larkin wa Twins, mpigaji wa akiba mwenye goti bovu, akaupitisha juu ya vichwa vya Braves na mwenzake Dan Gladden akaruka kwa miguu miwili juu ya besi ya nyumbani.

Vijana ninaowafundisha kuandika skoo nawapa iningi hiyo ya 8 waiandike wenyewe. Kwenye karatasi ule mpira wa Bream unatoka 3-2-3, namba ya nafasi ya Hrbek, ya Harper, ya Hrbek tena, na aliyetolewa nyumbani ni Smith yuleyule. Knoblauch na Gagne hawana hata alama moja kwenye mstari wa Smith, kwa hiyo huwa nawaambia waongeze nukta ndogo ya penseli pale besi ya pili, alipopunguza mwendo.