Kungwi hafundi mambo ya chumbani tu

Dhana: Kumfunda mwali ni kumfundisha kitanda.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Chumbani kumo, sikatai. Lakini msichana wa Kiislamu wa Unguja au Tanga huanza kufundwa anapovunja ungo, pengine miaka kabla ya posa. Jambo la kwanza analoambiwa ni hedhi: ajisitiri vipi, aache lini sala na funga, atie nia gani anapokoga josho la kutoharika. Ndoa ikikaribia, huongezwa josho la janaba, la baada ya tendo la ndoa, kupokea wakwe, na siri ya nyumba isivuke kizingiti. Mama mzazi hayasemi hayo, haya zimesimama kati yake na bintiye. Husema somo, ndiye kungwi, mwanamke mtu mzima anayeaminika, na kazi yake haiishi siku ya harusi. Nyumba ikiingia moto, mke humwendea yeye. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu. Kwao Unguja alikuwa pia kungwi wa unyago, ngoma ya kuwafunda wasichana.

Dhana: Unyago ni sehemu ya Uislamu.

Fiqhi, yaani sheria ya dini, ya twahara na ndoa hutoka chuo cha Kurani. Ngoma ya unyago ina asili ya bara, kwa watu kama Wayao na Wamakonde, na wengine waliifikisha visiwani wakiwa utumwani. Ndiyo maana masheikh wengi huikemea ngoma, na zipo familia zinazomfunda mwali kwa somo peke yake, bila ngoma ya msondo.

Dhana: Singo ni dawa ya kumfanya bibi harusi awe mweupe.

Singo husuguliwa mwilini, na ni ya harufu na ulaini: liwa, mawaridi, asumini, marashi. Weupe umeletwa na krimu za madukani.

Dhana: Mwali hana kauli.

Mahari ni yake, si ya baba. Suratun-Nisaa, aya ya 4, iko wazi. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kisa cha Khansa bint Khidam, aliyeozwa na babake bila kutaka, na Mtume akaibatilisha ndoa ile. Kweli, hadithi husema ridhaa ya bikira ni kunyamaza kwake, na wapo wazazi wanaojificha nyuma ya neno hilo. Hapa ndipo somo anapohitajika kuliko kwenye singo na hina: aingie ndani, afunge mlango, amuulize mwanawe kama kimya hicho ni cha haya au cha kilio, kisha atoke akawaambie wazee alichokisikia.