"Indépendance Cha Cha" haukutungwa siku ya uhuru

Kila inapokaribia tarehe 30 Juni, siku ya uhuru wa Kongo, wimbo "Indépendance Cha Cha" husikika tena hapa Lubumbashi, na wengi huamini kwamba mwanamuziki Grand Kallé aliutunga kusherehekea siku hiyo yenyewe. Sivyo. Wimbo huo uliimbwa Bruxelles mwishoni mwa Januari 1960, wakati wa Table Ronde, mkutano wa Wabelgiji na viongozi wa Kongo kuhusu uhuru, ambako yeye na bendi yake ya African Jazz walikwenda kuwatumbuiza wajumbe wa Kongo. Mji wetu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na kilichokuwa kimepatikana ni tarehe ya uhuru tu.

Maneno yake yanathibitisha hilo, ingawa mdundo wa kucheza humfanya msikilizaji ayapite haraka, hasa asiyejua Kilingala. Yanawataja viongozi kwa majina, Kasavubu, Lumumba, Bolikango, Kalonji na Tshombe, pamoja na vyama vyao, ikiwemo Conakat ya hapa Katanga, na kuvisifu kwa kuwa vimepatana. Kinachoshangiliwa, basi, ni mapatano ya wanasiasa waliokuwa wakishindana vikali, na kwa maoni yangu hapo ndipo wimbo unapovutia zaidi kuliko unapochukuliwa kuwa wa sherehe tu. Wasikilizaji wanaodhani unaeleza nchi iliyokwisha kuungana husahau kwamba Tshombe huyohuyo alitangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, na Kalonji akafanya vivyo hivyo Kasai ya Kusini mwezi Agosti.