Je, wajua kwa nini mwendo wa farasi humfunza mtu kutembea?

Unguja na Pemba mnyama wa kazi hujulikana kwa mzigo wake: punda kwa gari la mchanga na matofali, ng'ombe kwa gari la kuni na nazi, na farasi wachache wa ufukweni kwa watalii wanaopenda kupandishwa jua linapokuchwa. Msomaji akiambiwa kwamba katika nchi nyingi wapo farasi na punda ambao kazi yao ni kutibu, yaani kumbeba mtoto mwenye mtindio wa ubongo au mtu mzima aliyepata kiharusi ili mwili wake urudishe nguvu na uwezo wa kujizuia usianguke, huenda akadhani kuwa ni njia ya kumliwaza mgonjwa tu. Kuliwaza kumo, wala si jambo la kudharauliwa, lakini sababu iliyowafanya wataalamu wa tiba ya viungo wamtake farasi hasa, wasitosheke na mnyama yeyote mpole, ni namna nyonga zake zinavyokwenda.

Farasi anapokwenda mwendo wa kawaida, kwato zake nne hugusa ardhi moja baada ya nyingine, kwa mapigo manne yanayolingana. Kila mguu wa nyuma unapopelekwa mbele, mgongo wa upande ule hushuka kidogo na kusogea, kisha upande wa pili hufanya vivyo hivyo. Aliyeketi juu yake hupokea yote hayo kiunoni: nyonga zake husukumwa mbele na nyuma, hupanda na kushuka upande mmoja baada ya mwingine, na papo hapo hugeuka kidogo kulia na kushoto. Nyonga za mtu anayetembea kwa miguu yake mwenyewe hufanya mambo hayo hayo matatu, na kwa kasi inayokaribiana, kwani farasi humpa mpandaji misukumo kiasi cha 100 hadi 120 kwa dakika, na mtu mzima anayetembea bila ya pupa hupiga hatua zisizopishana sana na idadi hiyo. Mtoto ambaye hajapata kusimama, ubongo wake haujawahi kupokea habari ya namna kiuno kinavyokwenda mtu anapotembea. Juu ya farasi huipata habari hiyo kabla miguu yake haijaweza kumbeba. Katika kipindi cha dakika 25 huipata zaidi ya mara 2,000, na hakuna mtaalamu awezaye kufanya hivyo kwa mikono yake.

Faida ya pili inatokana na umbo la mnyama na joto lake. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hukazana misuli ya mapaja hadi magoti yakavutana na miguu ikapishana kama mkasi. Mgongo mpana wa farasi huyatanua mapaja taratibu, na mwili wake, ambao joto lake ni baina ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi, huilainisha misuli hiyo wakati ule ule inapotikiswa. Ndiyo maana mara nyingi tandiko la ngozi huachwa ghalani, na badala yake farasi hufungwa kitambaa kizito chenye mkanda na vishikio, ili joto na mtikisiko vimfikie mpandaji bila ya kizuizi.

Kiswahili kina majina ya zamani ya mwendo wa wanyama hawa: telki ni ule wa haraka ulio laini, matiti ni mbio fupi za kurushwarushwa, na shoti ni mbio kamili. Katika tiba hii mbio hazina nafasi kubwa, kwani karibu kazi yote hufanywa kwa hatua za kawaida, na ustadi wa anayemwongoza farasi ni kuzibadilisha: kuzirefusha, kuzifupisha, kumzungusha kushoto na kulia, kumpandisha kijilima, na kumsimamisha. Kule kusimama kwenyewe ni dawa. Mwongozaji aliye mbele ameshika kamba, wasaidizi wawili wanakwenda ubavuni, mmoja kila upande, mkono wa kila mmoja ukiwa juu ya paja la mtoto. Mwongozaji anatoa neno, farasi anakanyaga hatua mbili za mwisho na kutulia. Mwili wa mtoto unaendelea mbele kidogo, kidevu kinashuka. Kisha tumbo linakaza, mgongo unanyooka, na kichwa kilichokuwa kimelala kifuani kinainuka bila ya mtu yeyote kusema "inua kichwa". Farasi akianza tena kutembea, mtoto huvutwa nyuma, na misuli ya upande wa pili hupata zamu yake.

Aliyeifanya dunia ilitazame jambo hili ni mwanamke wa Denmark, Lis Hartel. Alipatwa na polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, akabaki na miguu isiyokuwa na nguvu kuanzia magoti kwenda chini, lakini aliendelea kupanda farasi ingawa ilibidi ainuliwe na kuwekwa juu. Katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki ya mwaka 1952, iliyokuwa ya kwanza kuwaruhusu wanawake kushindana na wanaume katika mchezo wa kumwongoza farasi kwa madaha, alipata medali ya fedha akiwa juu ya farasi jike aitwaye Jubilee, na mshindi wa dhahabu, Henri Saint Cyr wa Sweden, ndiye aliyemsaidia kupanda jukwaani. Mwaka 1956 alipata ya fedha tena. Baada ya hapo vituo vya aina hii vilienea Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na mwaka 1969 Uingereza na Marekani kila moja ilipata chama chake cha taifa cha kuvisimamia.

Kwa kuwa dawa yenyewe ni hatua za mnyama, kumchagua si kazi ya kubahatisha. Farasi anayechechemea hata kidogo humpelekea mgonjwa hatua zisizolingana, na mwili wa mgonjwa hujifunza kupinda badala ya kunyooka. Madume yasiyohasiwa huachwa. Huchukuliwa majike na maksai, aghalabu waliokwisha kupevuka, kwa sababu farasi mchanga hushtuka upesi na mifupa yake haijakomaa. Kisha hupimwa tabia. Farasi ni mnyama wa kuwindwa, na silaha yake ya kwanza ni kukimbia. Macho yake yaliyo pembeni mwa kichwa humwezesha kuona karibu pande zote, isipokuwa palipo mbele kabisa ya pua yake na nyuma ya mkia. Mnyama wa namna hiyo inabidi azoeshwe, kwa wiki na miezi, kiti cha magurudumu kinachomjia ubavuni, magongo yanayogonga sakafu, mpira unaorushwa juu ya shingo yake, mtoto mwenye usonji anayepiga kelele ghafla au kumkumbatia shingo asimwachie. Hufunzwa pia kukubali kupandwa kutoka kulia, ingawa desturi ya wapandaji wengi ni kushoto, kwa sababu mtu aliyepooza upande mmoja hachagui upande wa kupandia.

Mpandaji naye huchunguzwa. Watoto wenye hali ya Down, yaani ulemavu wa kuzaliwa nao unaochelewesha ukuaji wa mwili na akili, kwa mfano, baadhi yao huwa na maungo malegevu baina ya mifupa miwili ya juu ya shingo, na mtikisiko ambao kwa mwingine ni tiba kwao unaweza kuudhuru uti wa mgongo. Hawapandishwi mpaka daktari aipime shingo. Kwa maoni yangu, mtu anayempandisha mtoto mwenye ulemavu juu ya farasi wa ufukweni kwa kuwa amesoma kwamba farasi hutibu, bila ya daktari, bila ya wasaidizi wa ubavuni na bila ya kofia ngumu, anacheza na maisha ya mtoto yule.

Kwa nini basi mnyama mwenye faida hizi hakuenea kwetu kama punda? Sababu kubwa ni wadudu. Mbung'o hueneza vijidudu vya nagana, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa sana na maradhi hayo. Unguja ilikuwa na mbung'o hadi miaka ya 1990, ndipo mbung'o madume waliozalishwa kwa wingi Tanga na kutiwa utasa kwa mionzi walipomwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa imesalimika. Fauka ya nagana, kuna maradhi ya virusi ya farasi wa Afrika yanayoenezwa na visubi, ambayo huweza kuua farasi tisa katika kumi walioambukizwa, ilhali punda wa Afrika akiambukizwa mara nyingi haonyeshi hata dalili. Punda ni mwana wa bara hili: utafiti wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba alianza kufugwa Afrika ya Mashariki kiasi cha miaka 7,000 iliyopita.

Punda naye hutumika katika tiba, ingawa kwa njia nyingine. Hatua zake ni fupi zaidi na mgongo wake ni mwembamba, kwa hiyo hawezi kuchukua nafasi ya farasi katika kazi ya nyonga niliyoieleza, na wataalamu wa Uingereza humwekea mpaka wa mpandaji asiyezidi kilo 50, yaani watoto. Kinachompa thamani ni tabia ambayo watu huiita ukaidi. Babu zake waliishi katika nchi kame, wametawanyika wawili watatu, ambako kukimbia ovyo hakukuwa na faida. Punda akiona asichokijua husimama, huelekeza masikio, hufikiri, ndipo aamue. Mnyama anayesimama pale ambapo farasi angeruka ni mnyama salama kwa mtoto anayetaka kumpiga mswaki, kumvisha hatamu, kumhesabia kwato au kumsimulia siri zake. Shirika la The Donkey Sanctuary, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1969, limewatumia punda kwa watoto wenye mahitaji maalumu, na kuna farasi wadogo wafupi kuliko mbuzi wengine ambao huingizwa hata katika wodi za hospitali kwa kazi hiyo ya kugusana. Mbuzi, sungura na kuku wa shamba huwasaidia wale wanaowaogopa wanyama wakubwa, na paka wa ghalani ana kazi yake ya kale ya kukilinda chakula kisiliwe na panya.

Wanyama hawa huchoka, na uchovu wao si wa miguu peke yake. Mpandaji anayeegemea upande mmoja humlazimisha farasi kukaza misuli ya upande wa pili, kwa hiyo kituo kilicho makini hupunguza vipindi vyake kwa siku, humpa mapumziko malishoni, na humpandisha mpandaji hodari mara kwa mara ili mgongo unyooshwe. Masikio yaliyolazwa nyuma, mkia unaochapwa bila ya nzi, au meno yanayotafuna hewa ni maneno tosha kwa anayemjua mnyama wake.

Mzanzibari mwenye punda anaweza kuuliza kama wake anafaa. Punda aliyefunzwa kwa bakora hafai, kwa sababu utulivu wake ni wa kukata tamaa, na siku atakapojitetea atajitetea kwa mateke. Aliyelelewa kwa upole anaweza kufunzwa, kwa masharti yanayotokana na maumbile yake. Manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi na kwato zake hunywa maji, kwa hiyo katika masika anahitaji banda lenye sakafu kavu na kwato zikaguliwe kila siku, la sivyo huoza na kumtia kilema. Asifugwe peke yake: punda hushikamana na mwenziwe, na akitenganishwa naye anaweza kugoma kula, mafuta ya mwilini yakamwagika katika damu, na akafa katika siku chache. Ndiyo maana mwenye kutaka punda mmoja wa tiba hununua wawili, hata kama mmoja tu ndiye atakayefanya kazi, na mmoja akiitwa kwenda kwa watoto, mwenziwe hufungwa pale anapoweza kumwona.