CD za Metali: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mgeni akiona rafu ya mpenzi wa metali, ule muziki mzito wa gitaa, imejaa CD, jibu analo tayari: huyu anakumbuka ujana wake. Wengi wanaozinunua hata hawakuwepo miaka ya 1980. Wanachotafuta ni kopi yenyewe, yaani toleo fulani la albamu na sauti yake.

Kabla albamu haijatolewa, fundi hupanga ukubwa wa sauti kwa mara ya mwisho. Kuanzia miaka ya 1990 yakaja mashindano ya nani ana sauti kubwa zaidi: sauti ndogo zikapandishwa, kubwa zikabanwa, ngoma na gitaa vikawa ukuta mmoja. Albamu ya Death Magnetic ya bendi ya Metallica, 2008, ilibanwa hadi sauti inakwaruza, na mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zilezile kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero zilisikika safi zaidi. Albamu nyingi za zamani nazo zimetolewa upya zikiwa zimebanwa, na mara nyingi hilo ndilo toleo unalolikuta mtandaoni. Chukua CD ya toleo la kwanza na toleo jipya, sawazisha volyumu, usikilize ngoma tu. Kwenye CD ya zamani kila pigo lina nafasi yake ya kupumua.

"Santuri ina sauti bora." Jalada lake ni zuri zaidi, hilo nakubali. Lakini pengo kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa kwenye CD ni takriban desibeli 96, na santuri haifiki hapo. Upande mmoja wa santuri pia hubeba vizuri kama dakika 22 tu. Dopesmoker ya bendi ya Sleep ni wimbo mmoja unaozidi saa nzima. Kwenye CD unausikia bila kukatwa.

"Linda upande unaong'aa." Hapa ndipo watu wanapoharibu CD zao. Leza husoma kupitia plastiki yenye unene wa karibu milimita 1.2, na mkwaruzo mdogo kwenye plastiki hiyo kwa kawaida hufidiwa na mfumo wa CD wa kusahihisha makosa. Alumini yenye muziki iko upande wa maandishi, imefunikwa na vanishi nyembamba na wino basi. Ikichubuka hapo, muziki wa sehemu hiyo umekwenda. Inyanyue CD mbele ya taa: kitundu kinachopitisha mwanga ni mahali ambapo alumini haipo. Na ukifuta, futa kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata njia ya leza ndio mgumu kusahihishwa.

"Zote huoza." Zile za kuchoma kwenye kompyuta hutumia rangi inayofifia kwa mwanga. Za kiwandani ni kitu kingine. Zipo zilizogeuka rangi ya shaba, hasa za kiwanda kimoja cha Uingereza kati ya 1988 na 1993, lakini hizo zilikuwa na kasoro ya utengenezaji.

"Kijitabu kilicho ndani ya kasha la CD ni pambo." Muimbaji akinguruma, bila kijitabu hushiki neno. Na kurasa za mwisho kuna shukrani, bendi zikizitaja bendi rafiki kwa herufi ndogo kabisa. Kabla ya intaneti, orodha hiyo ndiyo iliyotuambia kopi ya kutafuta baada ya hii.