Kuchagua vyuo baada ya kidato cha sita: yasemwayo mitaani na ukweli wenyewe

Matokeo ya kidato cha sita Tanzania hutoka Julai, wakati wahitimu wengi wako kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Dirisha la udahili nalo halikawii kufunguliwa, na aliyebaki nyumbani na kazi ya kuulizia vyuo huwa ni mzazi, kaka au shangazi. Hapo maneno ya mitaani hugeuka ushauri. Mengine yanamgharimu kijana mwaka mzima, mengine yanamgharimu kazi.

“Ana divisheni two, popote anapita.”

Vyuo vikuu havidahili kwa divisheni. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa pointi 1, ndiyo maana mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, huhesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Chukua mtoto wa PCB mwenye C ya Kemia, C ya Biolojia na D ya Fizikia. Kwa Baraza ana divisheni two ya pointi 10. Kwa TCU ana pointi 8. Kiwango cha chini cha kuomba udaktari wa binadamu ni pointi 6 katika masomo hayo matatu, kwa hiyo amevuka. Ila kuvuka kunampa ruhusa ya kuomba tu. Nafasi zinahesabika, na Chuo Kikuu cha Muhimbili hukimbiliwa na watoto wenye A na B. Akijaza Muhimbili peke yake, anauweka mwaka wake rehani.

Kila mwaka TCU huweka mwongozo wa udahili kwenye tovuti yake, na kuusoma ni bure. Kila kozi imeandikiwa vigezo, miaka ya masomo na idadi ya nafasi. Vigezo hivyo visomwe neno kwa neno. Zipo kozi za tehama na biashara zinazodai ufaulu wa hisabati ya kidato cha nne kwa yeyote ambaye hakuisoma kidato cha sita. Mtoto wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) mwenye A tatu anaweza kukwama kwa F ya hisabati ambayo nyumbani wote walishaisahau.

“Jina la chuo ndilo linaloleta kazi.”

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu madhara yake huonekana baada ya kuhitimu. Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, inayoajiri watumishi wa umma. Utakuta nafasi inataka mwenye shahada ya fani fulani, zikatajwa kwa majina, kisha “kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali”. Halisemi Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) wala Mzumbe. Linataja kozi. Sasa kuna kozi zenye majina ya kuvutia ambayo hayamo kwenye miundo ya utumishi, yaani orodha za Serikali za sifa za kila kazi, na mhitimu wake anakwama kwenye mfumo hata kama darasani alifundishwa yale yale waliyofundishwa wenzake. Kabla ya kujaza, pitia matangazo ya kazi ya mwaka mmoja au miwili iliyopita, utafute jina la kozi hiyo herufi kwa herufi. Ukilikosa kabisa, fikiri upya.

Uliza pia kinachofuata baada ya shahada. Anayetaka uwakili, akimaliza shahada ya sheria bado ana Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) mbele yake. Daktari ana mwaka wa mafunzo ya vitendo hospitalini baada ya miaka mitano ya chuo. Mwenye shahada ya sayansi isiyo ya ualimu, akitaka kufundisha sekondari, atahitaji stashahada ya uzamili ya elimu.

Halafu vyuo vina fani zao. Kwa kilimo na mifugo kuna Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) kule Morogoro, kwa mipango miji na upimaji wa ardhi kuna Chuo Kikuu Ardhi, kwa bima na kodi kuna Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), kwa usafirishaji kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT). Hivi viwili vya mwisho havina neno “kikuu” kwenye jina, lakini shahada vinatoa.

“Chuo binafsi ni cha waliokosa.”

Wanafunzi wa udaktari wa CUHAS, chuo binafsi cha Mwanza, hujifunzia hospitali ya Bugando. Wa Chuo Kikuu cha KCMC (zamani KCMUCo), Moshi, hujifunzia hospitali ya KCMC. Zote ni hospitali kubwa za rufaa za kanda, zenye wagonjwa wa kila aina. Kinachotofautiana sana ni ada: udaktari kwenye chuo binafsi unaweza kuzidi mara mbili ada ya chuo cha umma.

“Akipata chuo, mkopo umepatikana.”

Bodi ya Mikopo ina maombi yake, vielelezo vyake na siku yake ya mwisho. Wa vyuo binafsi nao huomba, ila mkopo hupangwa kwa kuangalia uhitaji, na anayeupata anaweza kupewa sehemu tu ya ada. Kwa hiyo familia ipige hesabu ya mwaka mzima: ada, chakula na hasa pa kulala. Anayekosa hosteli hupanga geto au hubebana na mwenzake kitanda kimoja. Na mkopo hurudishwa, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi.

“Omba vyuo vingi, bahati iwe kubwa.”

Tangu 2017 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja kwa kila chuo, na vyuo vingi hutoza shilingi 10,000. Kwangu vitatu vinatosha: kimoja chenye ushindani mkali, kimoja cha saizi ya matokeo yake, kimoja ambako pointi zake zinazidi kabisa. Akichaguliwa zaidi ya kimoja, lazima athibitishe kimoja ndani ya muda, kwa namba maalumu inayotumwa kwake.

Namba hiyo huenda kwenye simu iliyojazwa kwenye fomu. Vijana wa steshenari za stendi, wanaoandika mlangoni “Tunaomba vyuo na mikopo”, wakati mwingine hujaza namba zao ili kazi iende haraka. Siku ya kuthibitisha hawapokei simu. Ijazwe namba ya mwombaji, au ya mzazi kama kijana yuko kambini. Usilipe kabla hujaiona namba hiyo kwenye kioo cha kompyuta na kunakili nywila kwenye daftari lako.