Picha ya mafuta haianikwi kama nguo

Agiza picha ya mtoto kwa rangi ya mafuta hapa Moshi, tuseme akimenya ndizi na bibi yake uani, na hutakosa mtu wa kukuambia: ianike juani, maji yatoke. Imani hiyo inaeleweka, maana rangi ya maji ya ukutani hukauka hivyo.

Rangi ya mafuta haina maji. Ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta, mara nyingi ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayarukii hewani. Hunyonya oksijeni na kugeuka utando mgumu, hata uzito wake huongezeka kidogo. Kinachoruka ni tapentaini tu, kama imetumika. Kahawia ya amba, rangi ya udongo yenye madini ya manganizi, hukauka upesi; nyeupe ya titani huchelewa. Ndiyo maana nywele za mtoto zinaweza kuwa kavu huku shati lake la shule bado linanata. Fundi hajakuibia.

Itundike kwenye chumba chenye mwanga na hewa, mbali na vumbi (la Januari halina huruma). Vanishi ya mwisho, kwa desturi, husubiri miezi 6 hadi 12.